Robo Niliyoichora, na Karo la Bi. Hidaya

Jumapili, jioni.

Mvua imenyesha tangu Alfajiri, ikakatika Adhuhuri, ikarudi tena. Nguo nilizofua Ijumaa bado mbichi na nyumba nzima inanuka unyevu. Chai nimeimimina, imepoa, sijainywa. Roho yangu nzito leo, na sababu ninaijua, kwa hiyo sitajifanya kuitafuta.

Kuna ripoti ina saini yangu na ndani yake mna sentensi moja isiyo kweli. Kesho asubuhi mtambo wa kuchimba ulikuwa uendelee na kazi kwa kuiamini sentensi hiyo.

Nianze mwanzo, maana wengi mnaopita hapa hamjui ninafanya kazi gani. Mimi ni mhandisi wa misingi. Ofisi yetu ndogo iko Kiembe Samaki, watu watano na printa moja yenye kiburi. Mtu akitaka kujenga ghorofa mahali ambapo udongo wa juu haubebi, sisi ndio tunaomwambia achimbe nguzo ngapi, nene kiasi gani, na zishuke mpaka wapi ndipo zikutane na mwamba. Nguzo hizo ukishazimimina zege huzioni tena maisha yako yote. Labda ndiyo maana kazi hii inataka mtu mkweli.

Mwaka huu tumepewa madrasa ya ghorofa tatu, Kikwajuni. Kiwanja ni cha nyumba ya zamani ambayo mwenyewe aliiweka wakfu kabla hajafa. Wajukuu wake wakakubaliana ivunjwe, ijengwe madrasa, na kamati ya mtaa ikaundwa kusimamia. Mimi nikapewa msingi: nguzo kumi na sita, nne kwa nne, na juu yake bamba nene la zege linalozifunga vichwa.

Hapo ndipo nilipoitumia ile njia niipendayo.

Kompyuta haielewi msingi mzima kwa mkupuo. Inabidi uukate vipande vidogo vidogo, udongo na zege, maelfu kwa maelfu, kisha ikokotoe kila kipande kinasukumana vipi na jirani yake. Vipande vikiwa vingi, mashine inahema siku nzima, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Kwa hiyo tunatumia ulinganifu. Kama msingi una pande zinazofanana, unachora robo tu. Badala ya nguzo kumi na sita, unachora nne. Pale ulipokata unaiambia kompyuta: ukuta huu usisogee kwenda ng'ambo, kwa sababu upande wa pili yuko mwenzake anayeusukuma kwa nguvu ile ile. Jibu la robo linakuwa jibu la zote.

Ni kama mshonaji anayekata shingo ya dera. Anakikunja kitambaa mara nne, anakata mara moja, akikikunjua shingo imetoka mviringo. Mkasi hauulizi kama mkunjo wa chini kabisa una tobo.

Si njia ya ujanja. Ni halali, inafundishwa, nami nimewafundisha vijana wawili pale ofisini, tena kwa kujigamba: usipoteze siku kuchora nzima wakati robo inatosha. Ila ina masharti, na hayo pia nimewafundisha. Umbo liwe sawa pande zote. Mzigo uwe sawa. Udongo uwe sawa.

Umbo lilikuwa sawa. Mzigo ulikuwa sawa. Udongo tuliupima kwa matundu mawili, na yote mawili yalichimbwa upande wa barabarani, kwa sababu siku ile mashine ya kupimia ilipokuja, jiko la uani lilikuwa halijavunjwa na huko nyuma hakukupitika. Nikaandika: udongo umechukuliwa kuwa sawa katika kiwanja chote. Sentensi kama hiyo ipo katika nusu ya ripoti za dunia hii. Siku ile niliiandika bila nia mbaya.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kiwanjani kukagua mambo, vile vigingi vya kuonesha nguzo zitakapokaa. Jiko lilikuwa limeshabomolewa na kifusi kimezolewa, pamesawazishwa vizuri. Nikasikia sauti ya mwanamke inaniita kutoka ukuta wa jirani.

Alikuwa Bi. Hidaya. Mkubwa wa umri, macho yamefanya ukungu, mkono mmoja umeshika ukuta. Yeye ni binti wa yule mzee aliyeiweka nyumba wakfu. Alizaliwa pale, akaolewa nyumba ya pili yake, hakwenda mbali zaidi ya hapo.

"Wewe ndo injinia?"

"Naam, bi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Hapo nyuma, kwenye upande wa jiko, pana karo la choo. La mwanzo hilo, la wakati baba yangu yuhai. Lilipojaa wakalifunika, wakachimba jengine huku mbele. Waloijua nyumba hii washakufa wote, nlobakia miye."

Nikamuuliza wapi hasa. Akacheka.

"Macho hayaoni, lakini miguu inapajua. Njoo siku mchana, unishike mkono, nikupeleke nikusimamishe juu yake."

"Nitakuja, bi, inshallah."

Sikwenda.

Nataka niseme hapa kwa nini sikwenda, maana wiki zote hizi nimekuwa nikijiambia kuwa nilibanwa na kazi. Kazi ilikuwepo, lakini kutoka Kiembe Samaki mpaka Kikwajuni ni mwendo wa dakika chache, na katika wiki hizo tatu nimekwenda mara mbili kununua vitambaa Darajani, ambako ni hatua tu kutoka kwake.

Mimi nimezaliwa Kikwajuni. Makaro ninayajua. Zamani hakukuwa na gari la kuja kunyonya. Karo likijaa, watu waliweka boriti za mikandaa juu yake, wakamwaga mchanga, wakachimba jingine upande wa pili wa uwanja, na maisha yakaendelea. Nyumbani kwetu yapo mawili. Moja tulikuwa tukicheza rede juu yake. Hakuna ramani yoyote iliyoandika makaro hayo. Yamo vichwani mwa watu waliokuwa wakifua na kupika pale. Mhandisi kutoka nje anaweza kusema hakujua. Mimi siwezi.

Na nilijua vilevile linafanya nini chini. Miaka na miaka maji yanashuka, yanachukua mchanga laini, yanakula matumbawe, mpaka kunabaki udongo uliolegea na uwazi usiojulikana umefika wapi. Nguzo ikipita hapo haishikwi ubavuni. Zege ukilimimina linaweza kukimbilia pembeni. Na kubwa zaidi, pande nne hazifanani tena. Robo niliyoichora inakuwa haina maana, na ripoti yote inarudi mwanzo.

Hiyo ndiyo sababu. Ripoti ilikuwa imeshapita, mkuu wangu ameshaisifu, kamati imeshapiga picha nayo. Kama ningemshika mkono yule bibi na kusimama anapotaka nisimame, ningejua. Sikutaka kujua.

Mtambo ulianza Jumatatu iliyopita. Safu mbili za mbele, nguzo nane, zote zimekwenda vizuri, na mimi nikaanza kupumua. Nikajiambia karo lenyewe labda dogo, labda liko nje ya kiwanja, labda bibi amechanganya nyumba. Kila labda iliyopita karibu yangu niliidaka.

Alkhamisi asubuhi msimamizi wa kiwanja akanipigia.

"Leo hatuchimbi, injinia. Jirani kafariki. Nshawaambia vijana wazime mashine mpaka hitima ipite, waanze tena Jumatatu."

Nikauliza jirani yupi, ingawa moyo ulikuwa umeshanijibu. Bi. Hidaya alikuwa ameamka salama, akasali, akalala tena, hakuamka.

Jana nilikwenda hitimani. Wanawake tumejaa sebuleni na ukumbini, mikeka imegusana, kila mtu na juzuu yake. Nilisoma yangu, na ninaona haya kusema kwamba jicho langu lilikuwa linakimbilia dirishani. Kutoka pale nilipokaa uwanja wote wa nyuma wa madrasa ulionekana, mambo nane za nguzo zilizobaki, zimefungwa vitambaa vyekundu. Mtu anaombewa dua na mimi napima kiwanja kwa macho.

Baadaye nikaenda kumpa pole Nassra, bintiye. Tumelingana umri, tulikuwa tukionana skuli ingawa darasa mbalimbali. Yeye ndiye katibu wa kamati ya madrasa. Macho yalikuwa yamemvimba. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama kakungoja wewe," akaniambia. "Kila siku akiniuliza, yule injinia kashakuja? Nikimwambia mama, ana kazi nyingi, akisema basi mwachie mlango wazi."

Nikamwambia sikujua kama ananingojea.

Ndivyo nilivyosema. Mbele ya mtu aliyefiwa, katika nyumba inayosomwa Qur'ani. Neno limenitoka lenyewe, laini, kama nililizoea. Yeye akaitikia kwa kichwa, akaniamini, akanikaribisha chai.

Na bado nikawa na uso wa kumuuliza. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kama anajua karo la zamani lilikuwa upande gani wa jiko. Akanitazama kidogo. Hakukasirika. Nafikiri alichoka tu.

"Mimi nimezaliwa nyumba hii, si ile. Mama ndo akijua."

Nikaondoka.

Leo asubuhi saa mbili nilikuwa ofisini, peke yangu, mvua inapiga bati. Nikafanya nilichokuwa nikikikwepa: nikachora msingi mzima. Nguzo zote kumi na sita, bamba lote, udongo wote. Hakuna kukunja. Kisha nikaweka karo. Kwa vile sijui lilipo, ilibidi niliweke mahali patatu tofauti: kwenye pembe ya nyuma ukutani kwake, katikati ya safu ya nyuma, na upande wa pili karibu na kichochoro. Kila mahali ni hesabu yake, na kila hesabu inakula muda wake. Umeme ulikatika mara moja tu, nashukuru. Nilisali Adhuhuri pale pale, kati ya hesabu ya pili na ya tatu.

Picha ya robo, ile ya zamani, ilikuwa nzuri. Rangi zimepangana, kila pembe sawa na mwenzake, kama kitu kilichochorwa kwa raha. Niliiweka jalada la ripoti. Picha za leo hazipendezi. Karo likiwa karibu na kichochoro, hakuna kikubwa, msingi unavumilia. Likiwa katikati, nguzo za jirani zinabebeshwa kupita kiasi nilichozipangia. Likiwa kwenye pembe ya ukutani, pembe hiyo inazama zaidi ya wenzake na bamba lote linainama. Halianguki siku hiyo wala mwaka huo. Linainama pole pole, na ghorofa ya juu inapasuka kwanza, huko ambako watoto wadogo ndio watakaowekwa.

Mahali patatu, na pawili ni pabaya. Bi. Hidaya alikuwa anajua ni papi kati ya hapo, na angenionesha kwa kutembea.

Nililia kidogo. Halafu nikampigia mkuu wangu, Bwana Haroub. Jumapili hapendi kupigiwa, alikuwa Jambiani kwa wakwe zake. Nikamweleza yote mpaka nilipofika kwenye karo.

"Karo kakwambia nani?"

"Jirani. Bi. Hidaya."

"Basi mpigie aje kesho atuoneshe."

"Kafariki, bosi. Alkhamisi."

"Inna lillahi." Kisha akauliza swali ambalo nilijua linakuja. "Alikwambia lini?"

Nikamwambia wiki tatu zilizopita, kabla mtambo haujaingia.

Nilisikia watoto wanacheza upande wake. Bwana Haroub si mtu mbaya, na alichonijibu alikijibu kwa huruma, kwa hiyo sitaki mtu amfikirie vibaya. Alisema mtambo utasimama, hilo halina mjadala. Kesho tutachimba kwa mikono upande wote wa nyuma mpaka tulipate. Andika marekebisho ya ripoti leo, kamati inakutana saa nne, isomwe. Halafu akashusha sauti.

"Lakini hilo la wiki tatu usilitie. Andika taarifa imepatikana hivi karibuni. Si uongo. Alojua ni wewe na yeye tu, na yeye keshatangulia. Utajiharibia jina bure."

Nikamwambia nitaandika.

Hakuniuliza nitaandika nini.

Nimekaa na karatasi hiyo tangu Alasiri. Sehemu ya hesabu niliimaliza haraka, hesabu hainisumbui. Nimeeleza kuwa sharti la ulinganifu halikutimia, robo haifai tena, na nguzo nane za nyuma zisichimbwe mpaka karo lionekane, lisafishwe na lijazwe zege, na hesabu ifanywe upya kwa msingi mzima. Huenda tukahitaji nguzo mbili zaidi. Haya yote yanarekebishika. Kama tungesubiri mwezi mmoja zaidi, yasingerekebishika, nami ningekuwa nimeendelea kupumua.

Uliobaki ni mstari mmoja, panapoulizwa taarifa imetoka kwa nani na lini.

Kwanza niliandika "hivi karibuni". Nikaitazama. Ni neno safi kabisa, hakuna mtu angelinusa. Bwana Haroub hakukosea, lingeniokoa. Aliyekuwa na uwezo wa kunikanusha amezikwa Alkhamisi hiyo hiyo, saa kumi, na mimi sikwenda hata kusimama barabarani jeneza likipita.

Lakini fikiria maana yake. Kwa maneno hayo mawili, Bi. Hidaya anakuwa mzee aliyekaa kimya mpaka mashine zikachimba nusu. Kumbe ndiye mtu pekee katika kazi hii nzima aliyesema mapema. Sisi wenye vyeti tulipima mbele tukadai tumepima kote. Yeye mwenye macho yaliyofunga alijua kuwa nyuma si kama mbele, akaniita kwa sauti, akaacha mlango wazi.

Nimefuta. Nimeandika jina lake lote na la baba yake. Nimeandika kwamba alitoa taarifa kwa mdomo wiki tatu kabla, akajitolea kuonesha mahali, na kwamba mhandisi aliambiwa na hakwenda. Mhandisi ni mimi, na jina langu lipo chini yake. Nimeisoma mara mbili na nimeituma kwa Bwana Haroub na kwa kamati, kwa pamoja, ili nisipate nafasi ya kujionea huruma.

Bwana Haroub amejibu neno moja tu, "Nimeona." Sijui kesho ana mpango gani na mimi. Ajabu ni kwamba hilo halinitishi sana.

Linalonitisha ni kwamba kikao ni saa nne, na anayesoma barua mbele ya kamati ni katibu. Nassra, siku ya nne tu tangu afiwe, atafungua karatasi yangu na kusoma kwa sauti yake mwenyewe jinsi mama yake alivyoningoja, na kwamba nilikuwa najua. Sitaki alijue kwa kulisoma. Kwa hiyo nitakwenda kwake saa mbili, kabla hajatoka. Hilo nimeshaliamua, hata kama mvua ya leo itaendelea.

Nisichokijua ni nitafungua mdomo na neno gani. Nikisimama mlangoni, mtu aliyefiwa huanziwa na pole. Pole nilishampa jana, akiwa amenishika mikono yote miwili, nami huku namdanganya. Sasa kesho nitaanza na nini?